Utapoa

Chuo cha tatu kilijibu asubuhi ile Subilaga alipoyakataa maziwa ya Mzee Mwakifuna. Alikuwa amechovya kipimo kwenye ndoo, kikazama kuliko inavyotakiwa, naye akasema kwa sauti yake ndogo kwamba yana maji. Mzee alisema mengi. Alisema amemjua tangu anabebwa mgongoni, akasema marehemu baba yake asingemfanyia jirani jambo kama hilo, akamalizia kwa kuuliza kama siku hizi kituo cha maziwa kimeajiri mtu au jiwe. Watu kwenye foleni walicheka kidogo, wakaacha. Subilaga alingoja amalize. Kisha akamrudishia ndoo yake na kusema, "Pole, baba," kwa kuwa hapo ndipo watu husema pole.

Bupe, mdogo wake, alikuja akiteremka njia ya migombani, viatu mkononi kwa sababu ya tope, kioo chake cha kupokelea barua kimefichwa ndani ya sweta kisilowe. Hakutaka kusema mbele za watu. Alisimama ubavuni kwa dada yake, akakitoa kioo, akakielekeza kwake ili asome. Mkoleni, chuo hicho cha tatu, wamemkubali. Tena si kumkubali tu, watalipa.

"Kila kitu, dada Subi," alinong'ona. "Hata nauli."

Subilaga aliuona mdomo wa mdogo wake ukitetemeka. Alijua kinachotakiwa. Akatabasamu, akamshika shavu, akampa hongera. Halafu akaita ndoo inayofuata.

* * *

Jioni walikaa jikoni wote watatu. Mvua ya Rungwe ilikuwa inapiga bati bila kupumzika, na mama yao alikuwa anamenya ndizi kwenye sinia lililokaa magotini.

Bupe alitaka kusoma shahada ya kwanza ya uhandisi wa vyombo vya anga. Vyuo vilivyofundisha kazi hiyo vilikuwa vichache, na ada ya mwaka mmoja tu ingemeza ng'ombe wote wa mama pamoja na kishamba chao cha chai. Kwa hiyo hawakuulizana chuo kipi ni bora. Waliulizana nani atalipa, na atalipa kwa nini.

Bupe alianza na Mwalo, chuo cha kando ya ziwa. Wao wangelipa nusu ya ada. Nusu iliyobaki mwanafunzi angeifanyia kazi kwenye karakana yao, kusugua matangi ya mafuta na kukagua viungio, muhula mmoja darasani na muhula mmoja kazini. Shahada ya miaka minne ingemchukua karibu miaka minane. Bupe aliisoma hiyo haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai.

Kilele walisikika vizuri zaidi. Msaada wao ulikuwa mkubwa, maneno yao matamu, na walimwita Bupe mhandisi kabla hajafika. Subilaga alimwomba asome tena polepole. Ndipo ikaonekana kwamba msaada ule ulikuwa wa mwaka wa kwanza tu. Kuanzia mwaka wa pili ungegeuka mkopo kama alama zikishuka, na tangu mwanzo chumba na chakula vilikuwa juu ya mwanafunzi mwenyewe.

"Hao wanakukaribisha mezani halafu wanakuuzia kijiko," mama alisema, akachukua ndizi nyingine.

Wakacheka. Subilaga alichelewa kidogo, akacheka nao.

Wa mwisho walikuwa Mkoleni. Ada, chumba, chakula, bima, vifaa, nauli ya kwenda na nauli ya likizo, miaka yote minne, na hata mwanafunzi akishindwa mtihani akarudia mwaka, bado wangelipa. Sharti lao lilikuwa moja. Familia itoe mtoaji.

"Mimi," mama alisema, Bupe hata hajafunga kioo.

Bupe alipinga. Alisema mama ana presha. Mama akasema presha yenyewe inaletwa na mawazo, sasa watu wakijitolea kumpunguzia mawazo na mtoto wake asome bure, yeye akatae kwa lipi? Alisema Subilaga naye alitoa, ndiyo maana Bupe akasoma sekondari ya sayansi badala ya kukaa nyumbani kuwindwa na vishoka wa ajira. Mwaka wa kwanza binti alikuwa mgonjwa mgonjwa, hilo hakatai. Lakini huyu hapa. Anakula, anacheka, anakwenda kazini.

"Amepoa au hajapoa?" aliuliza.

"Amepoa," Bupe alisema.

Subilaga alikuwa anachochea moto. Aliendelea kuchochea.

* * *

Kesho yake ndege ya maziwa ilikuja kituoni kama kawaida, bila mtu ndani, ikateremka juu ya uwanja na kusimama hewani. Haikutua. Mtoto wa mteja mmoja alikuwa amekaa kwenye nyasi, mbali kabisa na mahali pa kutua, anachezea kifuniko. Ndege ikazunguka. Ikashuka kidogo, ikapanda tena.

"Ina moyo wa mzazi, hiyo," mtu mmoja alisema.

Subilaga alikwenda akambeba mtoto, akampeleka kwa mama yake. Ndege ikatua.

Zamani vyombo vya anga viliongozwa na akili za mashine zilizojua hesabu tu. Huko juu angani kumejaa vyuma vibovu, mabaki ya miaka mingi, vinazunguka kwa kasi kuliko risasi. Akili ya hesabu ikiona kipande cha chuma mbele ilipima uwezekano wa kugongwa, ikaona ni mdogo, ikapita. Mara nyingi ilipita salama. Siku isiyopita salama, watu walikufa. Wahandisi wakaona akili hizo zifundishwe kuogopa, wakazipandikiza hofu waliyoichukua kwa marubani. Haikusaidia. Mwenye kujiogopea nafsi yake hukimbia, na vyombo vikawa vinageuza njiani vikirudi na mizigo yake.

Ndipo wakagundua kwamba hofu inayotakiwa ni ile mtu anayokuwa nayo kwa ajili ya mwenzake. Mama anayemvusha mtoto barabara hakimbii. Anaangalia kushoto, anaangalia kulia, anabana kile kiganja kidogo, anavuka. Akili iliyopandikizwa hofu ya namna hiyo ilivusha abiria wake hivyo hivyo.

Lakini hofu hiyo haitengenezwi kiwandani. Inatoka kwa mtu, na kwa aliyeitoa haibaki. Sheria ilikataza kuinunua. Haikukataza ufadhili wa masomo.

Subilaga alitoa wakati Bupe ana miaka kumi na minne. Walimkalisha kwenye kiti, wakamvika kofia nzito, wakamwambia amfikirie mdogo wake. Akamfikiria Bupe akivuka mto umejaa. Akamfikiria Bupe na homa. Akamfikiria Bupe akirudi shule peke yake, giza linaingia, simu haipokelewi. Kila wazo lilikuja likawaka, na alipolitafuta tena hakulikuta. Walipomaliza walimpa juisi ya pesheni.

"Utapoa," muuguzi alimwambia mlangoni.

Mama yake, aliyekuwa anangoja kwenye benchi, alilipokea neno hilo kwa mikono miwili. Kwao mgonjwa huambiwa hivyo. Homa hupoa, kidonda hupoa, hata mwenye msiba siku moja hupoa. Wakarudi nyumbani kungoja.

Subilaga naye alingoja. Mwaka ule Bupe aliletwa kutoka shuleni anaungua malaria, na Subilaga akakaa kitandani kwake akimtazama kama unavyotazama chungu cha jirani kilichoko motoni. Alijua mgonjwa anatakiwa kupewa maji. Akampa. Baba yake mdogo alipofariki alimtazama aliyekaa karibu naye msibani, na yule alipolia, akalia. Mwanzoni alijifanya hivyo ili Bupe asiache shule. Baadaye alijifanya kwa kuwa alishazoea. Hakuna aliyegundua. Tangu utoto alikuwa mtu wa haya, asiyeongea mbele za watu, na aliyeishia darasa la tano hakutegemewa kusema mengi. Ukimya wake ulikuwa na nafasi kubwa ya kufichia kitu.

* * *

Afisa ufadhili wa Mkoleni alikuja Jumamosi. Alikuwa kijana Msambaa, Bwana Shekifu, mpole, viatu amevifunga mifuko ya nailoni kwa ajili ya tope. Alimwamkia mama shikamoo kwa kuinama, akasifu migomba, akapokea chai akanywa nusu. Alieleza kila kitu bila kuharakisha. Kiti, kofia, alasiri tatu. Maumivu hakuna. Alieleza kwamba mtoaji hupoa, na mama akaitikia kwa shukrani, "Ndaga, baba, hilo tunalijua, tumeshaliona humu ndani." Kijana alionekana kufurahi. Alisema familia nyingi humpa shida hapo.

Kisha akasema kuna swali moja la kisheria. Nyumba ikiwa na mtu aliyewahi kutoa, lazima aulizwe mbele ya anayetaka kutoa. Akakigeuza kioo chake kimsikie Subilaga.

"Dada, wewe ulishatoa. Umepoa?"

"Nimepoa."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Mama alishusha pumzi, akamwongezea mgeni chai. Bupe aliinamisha uso na kutabasamu kwenye magoti yake. Bwana Shekifu akafunga kioo, ameridhika. Subilaga aliwatazama wote watatu. Neno lilikuwa moja, na kila mmoja alikuwa ameondoka na maana aliyoitaka. Yeye hakuwa amedanganya. Aliliona hilo wazi kabisa, kama unavyoona kwamba mlango uko wazi, na hakuinuka kuufunga.

Walimtuma amsindikize mgeni. Wakatembea chini ya mwavuli mmoja hadi barabarani, na mpaka wanafika Subilaga alikuwa bado anayapanga maneno mdomoni.

"Huwa inarudi?" aliuliza mwishowe.

"Nini irudi?"

"Iliyotolewa."

Bwana Shekifu alicheka kwa adabu. "Dada, ile chai niliyoiacha kikombeni imepoa. Itajirudia moto yenyewe?" Halafu akaacha kucheka. Akageuka akaitazama nyumba. "Mama anaelewa hivyo, sivyo?"

"Kwetu mgonjwa akipata nafuu tunasema amepoa," Subilaga alisema.

Maji yalimchuruzika kijana begani, upande ambao mwavuli haukufika. Alisema neno hilo amelikuta chuoni, limo kwenye masharti yote, na katika nyumba zote alizoingia hakuna mtu aliyewahi kumuuliza maana yake. Alisema anaweza kurudi sasa hivi akaeleza upya. Akasema pia kwamba mwisho wa kuthibitisha ni Jumatano, na baada ya hapo nafasi ya Bupe atapewa mwingine. Alisema yote mawili kwa sauti ile ile.

"Niambie wewe," akasema. "Nirudi ndani, au niende?"

Subilaga alimwambia aende. Angeongea nao mwenyewe. Bwana Shekifu alimshukuru mara mbili, akaenda upesi.

* * *

Jumapili ikapita hajaongea. Jumatatu alipima maziwa, akaviweka vitu viwili kimoja karibu na kingine, kama walivyofanya na vile vyuo.

Akinyamaza, Bupe ataenda Mkoleni, miaka minne, amelipiwa hadi nauli. Mama atabaki hai. Atakula, atakamua, ataitikia salamu. Ila hataamka tena usiku kuja kushika paji la uso la mtu. Hatauliza umekula. Akisema, Bupe atabakiwa na matangi ya Mwalo, au ataacha yote, kwa kuwa atajua sekondari yake ililipwa kwa nini. Na akijua leo hataweza kutojua kesho.

Aliyapima. Hakuna lililokuwa zito. Kila alipoweka mkono palikuwa bapa. Hapo ndipo alipoelewa kile walichomchukulia, ingawa kuelewa nako hakukumfanya chochote. Mtu mwingine angesukumwa, kushoto au kulia, na yeye alikuwa amesimama katikati ya njia pasipo upepo.

Basi akamtafuta yule Subilaga wa zamani, kama unavyomtafuta mpangaji aliyehama ili akueleze mlango mbovu hufunguliwaje. Alikumbuka siku ya kofia. Kabla hajaingia, daktari alimwambia kwamba hofu ya mama mtu huwa nyingi zaidi, na kama mama yuko pale nje kwenye benchi, pengine wabadilishane. Alikumbuka kwamba yule msichana mwenye haya, asiyeweza kumtazama daktari usoni, alikwenda akasimama mbele ya mlango na kuuegemea kwa mgongo, asitoke mtu wala asiingie mtu. Moyoni ilikuwaje, hilo halikuwepo tena. Lakini mgongo uliukumbuka ule ubao.

Akaona hiyo inatosha.

* * *

Jumanne alasiri alimkuta mama kwenye banda, amekaa kwenye kigoda, anakamua.

"Mama, mimi sijapona."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Ni ile ya kofia. Niliposema nimepoa, nimepoa kama uji."

Maziwa yaliendelea kupiga ndoo, kisha yakapungua, kisha yakaacha. Mama hakugeuka.

"Ulilia kwa baba yako mdogo."

"Nilimtazama mama Lugano. Alipolia, nikalia."

"Na mimi?" Mama alisema hivyo akiwa bado anautazama ubavu wa ng'ombe. "Mimi unanionaje?"

"Nakuona, mama."

"Sikukuuliza macho."

Subilaga alitafuta jibu la kweli, kwa kuwa la uongo alikuwa nalo tayari. "Najua wewe ni mama yangu," alisema. "Najua kama ninavyojua leo ni Jumanne."

Ng'ombe aligeuza shingo kutazama kwa nini ameachwa njiani. Mama aliuliza kama huwa anasikia baridi. Subilaga akasema baridi anaisikia mwilini, ila haoni kwa nini aifanyie kitu.

"Ndiyo maana sweta huivai mpaka nikuambie," mama alisema polepole, kama mtu anayekiona kitu alichokipoteza, kimekaa mahali pasipo pake siku zote.

Akaifuta chuchu ya ng'ombe kwa kitambaa, akaifuta tena. Akasema, tena kwa utulivu, kwamba hata hivyo yeye ni mtu mzima. Ameshaishi. Mtoto asome. Kama ni kupoa, basi apoe.

"Ukipoa," Subilaga alisema, "nani ataniambia nivae sweta?"

Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua nani atafungua kituo kesho. Mama alikiweka kitambaa magotini.

Bupe alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Alikuwepo tangu kwenye lile neno la uji. Aliushusha mzigo, akaulaza chini vizuri, akaja hadi mbele ya dada yake.

"Ulinifanyia hivi mimi?"

"Nilimfanyia Bupe," Subilaga alisema. "Nilikuwa nampenda sana. Nakumbuka."

Bupe akasema dada yake angenyamaza tu. Alisema miaka yote hii amenyamaza, angeshindwa nini siku moja zaidi, yeye Bupe akaondoka, akajua akiwa huko. Alisema maneno mengine pia, mabaya, na Subilaga aliyasikiliza kama alivyomsikiliza Mzee Mwakifuna, mpaka yakaisha.

"Mwalo wanafunga lini?" mama aliuliza kutoka kwenye kigoda.

"Ijumaa."

"Waambie unakwenda."

"Mama, ni miaka minane. Nitakuwa nasugua matangi."

"Matangi yanasuguliwa kwa mikono," mama alisema. "Unayo."

Bupe alikitoa kioo ndani ya sweta. Akawakatalia Mkoleni, akawakubalia Mwalo. Kisha akaurudisha mkono wake na kioo mle mle kifuani, akamwegemea dada yake, akaanza kulia, kilio kikubwa cha mtoto, kichwa kimezama shingoni mwa Subilaga.

Subilaga alisimama. Hapakuwa na mtu wa karibu wa kumwiga, wala hapakuwa na sababu tena ya kujifanya. Mikono yake ilining'inia. Sweta yake ilikuwa inalowa begani, naye alijua kwamba inalowa.

Mama aliinuka, akajifuta mikono kwenye kanga. Akaushika mkono mmoja wa Subilaga, akauinua, akauweka mgongoni kwa Bupe. Akaushika wa pili, akauweka juu ya ule wa kwanza, akavikandamiza vidole vikae.

"Hapo," alisema. "Usitoe mpaka nikuambie."